T Mbili

Kadi ni ndogo, kama ya kliniki,
pembe moja imeliwa na unyevu.
Niliilaza mezani chini ya taa ya jikoni,
nikasogeza lenzi polepole,
kama mtu anayefungua mlango wa mgonjwa.

GARBUT, WILF. Mjenga majukwaa. Middlesbrough.
Machi '87: aliuliza ni nani aliyefunga ngazi.
Kisha mstari mwekundu,
kisha neno moja: ASIAJIRIWE.

Kumbe ni hilo tu.
Miaka kumi na tisa baba alijipekua
kama askari anayepekua nyumba yake mwenyewe:
ni ulevi wa ile Krismasi? Ni ulimi? Ni mgongo?
Alinyoa ndevu, akazifuga, akanyoa tena.
Saa kumi na moja alfajiri yuko getini, Mto Tees unafuka ukungu,
na msimamizi anasema, "Ngoja nipige simu."
Simu ikiwekwa chini, nafasi imejaa.
Mama akasafisha shule tatu.
Mimi nikajifunza kutouliza kuna nini cha kula.

Kamera ni ya chuo. Niliiazima kwa wiki mbili,
sasa ni mwaka wa tatu.

Nilikwenda kwa Eunice Pallister, mjane.
Alinitolea viatu vya kazi ndani ya boksi lake,
soli safi, havijawahi kukanyaga saruji.
"Alivinunua siku waliyomwambia aanze Jumatatu."
Sikumuuliza Jumatatu ipi.

Nilimpata na aliyekuwa akiziandika zile kadi.
Alikubali nimpige picha kuanzia shingoni kwenda chini.
"Mimi nilikuwa napiga chapa tu," alisema,
na vidole vyake vikaendelea kupiga chapa gotini
hadi chai ikapoa.
Nikamuuliza habari zilitoka wapi.
Akataja ofisi, akataja hoteli, akataja mtu wa chama chetu.
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako;
hawakusema nguo yenyewe inaweza kuwa na nembo ya chama.

Mwanasheria wa kampuni akaniandikia:
futa hiki, ficha kile, vinginevyo.
Barua yake nimeitia kwenye filamu,
sekunde kumi na mbili, bila muziki.

Baba alikataa kuhojiwa.
"Nimeshaandikwa vya kutosha."
Basi nikampiga picha bustanini,
akiyajengea maharage jukwaa la mianzi:
alipima kwa pima maji, akafunga fundo, akalivuta,
akarudi nyuma kuangalia, akafungua, akafunga upya.
Mtu aliyejengea watu majukwaa maisha yake yote
na hakuna siku aliyopandishwa jukwaani aseme.
Dakika nne nzima. Mhariri akaniambia ni ndefu.
Nikamwambia, miaka kumi na tisa ndiyo mirefu.

Tuliionyesha kwenye klabu ya wafanyakazi;
bingo ikaahirishwa, na wapo walionuna.
Viti vya plastiki, shuka mbili zimeshonwa kuwa pazia.
Mwishoni sikuweka shukrani.
Niliweka orodha yao, yote, mia tatu na kumi na mbili,
majina meupe yakipanda juu ya weusi,
na ukumbini mtu mmoja akasema, "Huyo kaka yangu,"
mwingine akasema, "Mimi huyo,"
mwingine akasimama tu, akabaki amesimama
hata taa zilipowashwa.

Njiani baba hakusema neno hadi kwenye daraja.
"T mbili," alisema.
"Nini?"
"Garbutt ina T mbili. Kwenye kadi yao waache walivyokosea.
Kwenye orodha yako, andika sawa."

Usiku uleule nikarudi kwenye mashine,
nikatafuta jina lake katikati ya weusi,
nikabonyeza herufi.
Ikasimama kando ya mwenzake:
nguzo mbili
zinasubiri ubao.